Karatasi, BLAST, gemu au Python: bioinfomatiki ya sekondari ianzie wapi?

Mwalimu wa baiolojia akiuliza namna ya kuanzisha klabu ya bioinfomatiki shuleni, jibu la kwanza atakalopewa karibu kila mahali ni kwamba awafundishe wanafunzi Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Jibu hilo hutoka kwa watu wa kompyuta, na lina ukweli wake. Ila halimwulizi mwalimu ana kompyuta ngapi zinazowaka, wanafunzi wangapi wanagombea kila moja, na kama intaneti ya ofisi ya mkuu wa shule inafika hadi chumba cha kompyuta. Wala halimwulizi kama wanafunzi wenyewe wameshaelewa jeni ni nini.

Njia ziko nne ambazo shule ya kawaida inaweza kuzichagua: karatasi na kalamu, kanzidata (hifadhi za taarifa) za mtandaoni pamoja na BLAST, programu ya kutafuta ndani yake, gemu, na kuandika programu kwa Python. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: karatasi ianze, hata kwa shule yenye kompyuta mpya, na Python isubiri mpaka wanafunzi wenyewe wachoke kuhesabu kwa mkono. Sababu zinafuata.

Kwa asiyelizoea jina: bioinfomatiki ni kazi ya kusoma taarifa za viumbe kwa msaada wa hesabu na kompyuta. DNA inaandikwa kwa herufi A, C, G na T, protini zinaandikwa kwa herufi 20, kisha mtu anatafuta, analinganisha na kuhesabu. Baiolojia ya kikokotozi huenda mbele zaidi, ikaunda mifano ya kihisabati ya namna seli au ugonjwa unavyoenenda. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu mpaka kati ya hizo mbili hauna uzito wowote.

Swali moja kwa njia zote nne

Ili ulinganisho uwe wa haki, kila njia nimeipa swali lilelile: herufi moja ya DNA inawezaje kuleta ugonjwa wa selimundu?

Jeni inayohusika ni HBB, iliyoko kwenye kromosomu ya 11. Inabeba maelekezo ya kutengeneza mnyororo wa beta wa himoglobini. Katika selimundu kodoni moja (herufi tatu zinazotaja asidi amino moja, yaani kipande kimoja cha protini) iliyokuwa GAG imekuwa GTG, na penye asidi ya glutamiki pamekaa valini. Habari yenyewe ina mizizi huku kwetu: mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba aliyerithi nakala moja tu ya jeni hiyo ana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hii haikufutika katika maeneo yenye mbu.

Lakini tahadhari. Katika darasa lolote la ukanda huu huenda yupo anayeishi na selimundu, au aliyemzika ndugu yake kwa ugonjwa huo. Usiwaulize wanafunzi hali zao, wala usiwape kazi ya kuchora nani karithi nini katika familia zao. Kazi kama hizo zinaweza kuanika mambo ya nyumbani ambayo hayakuwa ya darasa. Ukiona mada yenyewe ni nzito kwa wanafunzi ulio nao, badilisha mfano. Insulini inafaa, kwa kuwa ni fupi, asidi amino 51 tu. Au chukua DNA iliyo karibu na jeni ya laktesi: mwaka 2007 watafiti walionyesha mabadiliko yanayowawezesha wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya kumeng'enya maziwa ukubwani, tofauti na yale yaliyozoeleka kwa watu wa Ulaya.

Karatasi na kalamu

Mahitaji: karatasi za manila, mkasi, na jedwali la kodoni ambalo tayari limo kwenye vitabu. Andika ubaoni mwanzo wa jeni ya HBB:

ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG

Wanafunzi wabadilishe kila T kuwa U, maana jedwali hutumia herufi za RNA, kisha walisome. Watapata methionini, valini, histidini, lyusini, threonini, prolini, asidi ya glutamiki, asidi ya glutamiki tena, lisini. Sasa wape ukanda wa pili wenye GTG mahali pa ile GAG ya kwanza, watafute tofauti bila kuambiwa iko wapi. Sehemu ya kwanza ya jibu la swali letu imeshapatikana, na hakuna aliyewasha mashine.

Hapohapo utaulizwa swali zuri. Vitabu vingi vinasema badiliko liko kwenye asidi amino ya 6, ila mwanafunzi aliyehesabu vizuri atasema ni ya 7. Wote wako sawa. Methionini ya kwanza huondolewa protini inapotengenezwa, na hesabu ya zamani haikuihesabu. Kanzidata nyingi za leo zinaihesabu. Mwalimu asiyelijua hili ataaibika mbele ya darasa, na anayelijua ana somo la dakika kumi kuhusu namna wanasayansi wanavyokubaliana kuhesabu.

Kisha mkasi. Kimeng'enya kiitwacho MstII hukata DNA kila kinapokuta CCTNAGG, ambapo N ni herufi yoyote. Kwenye ukanda wa kawaida kuna CCTGAGG, kwa hiyo unakatwa. Kwenye ukanda wa selimundu pamekuwa CCTGTGG, hivyo mkasi haupiti. Vipimo vya maabara vya miaka ya 1980 vilitumia ujanja huuhuu: urefu wa vipande ndio uliosema kama badiliko lipo. Wanafunzi wa kidato cha sita wanaosoma habari za vimeng'enya hivi kwa kukariri huishia kuzielewa hapa.

Kulinganisha mifuatano pia hufundishika bila DNA. Wape maneno KATIBA, KATIBU na KITABU. Kati ya KATIBA na KATIBU tofauti ni herufi moja, kati ya KATIBU na KITABU ni mbili, kati ya KATIBA na KITABU ni tatu. Waambie wachore mti wa ukoo wa maneno hayo kwa kutumia namba hizo tu. Halafu leta TABU dhidi ya KITABU, na hapo watalazimika kukubaliana kuhusu pengo: kuacha nafasi mbili mwanzoni kunagharimu alama ngapi? Swali hilo la gharama ya pengo ndilo Needleman na Wunsch walilowekea kanuni mwaka 1970, na kanuni yao inafanyika kwenye karatasi ya mirabaraba ikiwa maneno ni mafupi.

Udhaifu wa karatasi ni ukubwa. Herufi 27 zinasomeka, na 444 za jeni nzima ya HBB, tukihesabu zile zinazotafsiriwa kuwa protini, zinachosha. Jenomu, yaani DNA yote, ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ina herufi milioni 23 hivi. Anayesoma herufi moja kwa sekunde atahitaji zaidi ya siku 260 bila kulala. Uchovu huo una faida yake: ndio unaomfanya mwanafunzi atamani kompyuta kwa sababu anayoijua.

Kanzidata na BLAST

Tovuti ya NCBI ya Marekani hukusanya mifuatano ya DNA na protini kutoka dunia nzima, na BLAST, programu iliyotoka mwaka 1990, hutafuta humo mifuatano inayofanana na ule ulioleta. Ni bure, inaendeshwa kwenye kivinjari, na haihitaji mstari hata mmoja wa programu. Kwa upande wa protini kuna UniProt, ambako himoglobini beta ya binadamu imeandikishwa kwa namba P68871.

Nguvu ya njia hii ni kwamba mwanafunzi wa sekondari anatumia chombo kilekile anachotumia mtafiti wa Kilifi au wa Ifakara. Hakuna toleo la watoto. Ukibandika protini ya himoglobini beta na kuomba ilinganishwe, utakuta ya sokwe wa Gombe na ndugu zao haitofautiani na ya binadamu hata kwa asidi amino moja kati ya 146, na ya gorila inatofautiana kwa moja. Tofauti huongezeka ukienda kwa ng'ombe, kwa kuku, hadi kwa samaki kama sato. Nadharia ya mageuko iliyokuwa sura ya kitabu inakuwa namba ambazo mwanafunzi amezitafuta mwenyewe.

Lakini BLAST huwapoteza wageni mahali pawili. Kwanza, ukiiacha ichague yenyewe mahali pa kutafuta, itarudisha orodha ndefu ya majina yanayojirudia na wanafunzi watadhani wamekosea. Tumia BLAST ya protini, chagua kanzidata ya Swiss-Prot, ambayo imehakikiwa na watu, na uweke majina ya viumbe unavyovitaka. Pili ni ile thamani ya E. Inaeleza ni mifanano mingapi ya kiwango hicho ingetarajiwa kutokea kwa bahati tu katika kanzidata ya ukubwa huo. Wanafunzi wakiona e-100 hudhani wamepata mia. Waonyeshe kwamba ni sifuri nukta ikifuatiwa na sifuri nyingi kupita kiasi, yaani bahati haina nafasi hapo.

Kuhusu bando, hofu ya wengi imekaa mahali pasipo pake. Taarifa zenyewe ni nyepesi mno. Sehemu ya HBB inayotafsiriwa kuwa protini haifikii kilobaiti moja, na jenomu nzima ya virusi vya UVIKO-19, herufi 29,903, ni kama kilobaiti 30, ndogo kuliko picha ya kawaida ya WhatsApp. Kinachokula bando ni kurasa za tovuti, na zaidi ya hapo ni wanafunzi 40 kuzifungua kwa wakati mmoja. Seva pia ni ya dunia nzima, foleni ipo, na jibu linaweza kuchukua sekunde kadhaa au dakika kadhaa. Dawa yake ni mwalimu kuendesha utafutaji jioni ya kuamkia kipindi, akahifadhi matokeo na kuyachapisha au kuyaonyesha kwa projekta. Darasani afanye utafutaji mmoja wa moja kwa moja, ukikwama somo liendelee.

Swali la selimundu linajibiwa vipi hapa? BLAST inaonyesha badiliko lilipo, haionyeshi kwa nini linadhuru. Kwa hilo nenda kwenye kanzidata ya maumbo ya protini, PDB, ufungue 2HBS, himoglobini ya selimundu. Umbo linazungushwa kwenye kivinjari. Ile valini inaonekana imejipachika kwenye kishimo cha himoglobini ya jirani. Asidi ya glutamiki, yenye chaji, isingekaa hapo. Molekuli zikishikana hivyo moja baada ya nyingine zinafanya nyuzi ndefu, na nyuzi ndizo zinazoipinda seli nyekundu ikawa kama mundu. Kati ya njia zote nne, ni hii pekee inayofikisha jibu hadi mwisho.

Gemu

Foldit ilitoka mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington. Mchezaji hukunja protini kwa mkono akitafuta umbo lenye alama nyingi. Mwaka 2011 wachezaji wake walisaidia kupata umbo la kimeng'enya cha virusi vya jamii ya retrovirusi ambalo lilikuwa limewasumbua wataalamu kwa miaka. David Baker, ambaye maabara yake ndiyo chimbuko la Foldit, alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2024. Phylo, ya Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, ni nyepesi zaidi: vipande vya rangi vinasogezwa ili mifuatano ya DNA ya wanyama mbalimbali ilingane.

Zinavutia, sikatai. Phylo inafaa sana baada ya lile zoezi la TABU na KITABU, maana gharama ya pengo inaonekana kwenye alama. Foldit lazima isakinishwe, kompyuta za zamani zinaihangaikia, na masomo yake ya mwanzo yamejaa Kiingereza cha kitaalamu. Tatizo kubwa ni kwamba mwanafunzi anaweza kucheza vizuri kwa saa mbili asiweze kusema amejifunza nini kuhusu protini. Na swali letu la selimundu gemu haziligusi kabisa. Ni burudani nzuri ya siku ya wazazi, si msingi wa klabu.

Python

Hapa ndipo penye uwezo mkubwa na ndipo wengi wanapokata tamaa. Programu ndogo kabisa yenye maana ni hii:

dna = "ATGGTGCATCTGACTCCTGAGGAG"
gc = dna.count("G") + dna.count("C")
print(gc / len(dna) * 100)

Itatoa asilimia 54 na ushee ya G na C. Mistari hii mitatu ikipewa jenomu ya Plasmodium falciparum badala ya hizo herufi 24, itatoa kama asilimia 19. DNA ya kimelea hicho ni A na T kwa sehemu kubwa mno, na ni mojawapo ya mambo yaliyowatesa wanasayansi walioisoma hadi kuichapisha mwaka 2002. Nguvu ya Python iko hapo, kwamba jitihada ya herufi 24 na ya herufi milioni 23 ni ileile.

Kwa selimundu, mwanafunzi ataandika kitanzi, yaani maelekezo yanayojirudia, kinacholinganisha kanda mbili herufi kwa herufi. Programu itamwambia tofauti iko nafasi ya 19. Kwa vidole ni ya 20, kwa sababu Python huanza kuhesabu na sifuri. Aliyepitia ule ugomvi wa 6 na 7 kwenye karatasi hatashtuka. Asiyeupitia ataikodolea macho skrini akidhani kompyuta imeharibika.

Kompyuta za zamani hazina shida: Thonny, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia, huja na Python ndani yake na hufanya kazi bila intaneti. Ibebe kwenye flashi pamoja na mafaili ya mifuatano. Kwa mazoezi kuna tovuti ya Rosalind, iliyopewa jina la Rosalind Franklin. Zoezi la kwanza ni kuhesabu A, C, G na T katika mfuatano usiozidi herufi 1000. Unapakua mfuatano wako na una dakika tano kurudisha jibu. La pili na la tatu ni laini. La nne, sungura wa Fibonacci, huwapangua wengi, kwa hiyo mwambie mwanafunzi mapema kwamba anaruhusiwa kuliruka aende la tano, ambalo ni hii asilimia ya G na C.

Gharama ya Python ni muda. Darasa ambalo halijawahi kuandika programu litatumia wiki kadhaa kwenye alama za nukuu zilizosahaulika na nafasi za mwanzo wa mstari, na kwa wiki hizo baiolojia inakuwa imelala. Waliopenda kompyuta tangu awali watasonga. Waliokuja kwa ajili ya baiolojia, mara nyingi wasichana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) walioambiwa miaka yote kwamba kompyuta si yao, wataondoka kimya. Hilo ndilo kosa kubwa la klabu inayoanza na Python.

Zikikaa ubavu kwa ubavu

| Njia | Vifaa | Intaneti | Muda kabla ya kupata jibu | Selimundu |
|---|---|---|---|---|
| Karatasi | manila, mkasi, jedwali | haihitajiki | kipindi kimoja | badiliko linaonekana wazi |
| BLAST na PDB | kompyuta 1 na projekta zinatosha | ya lazima, angalau kwa mwalimu | vipindi viwili | badiliko na sababu ya madhara |
| Gemu | kompyuta kwa kila kikundi | ya lazima | dakika chache, ila jibu si la swali hili | haiguswi |
| Python | kompyuta kwa kila wawili | si lazima | wiki kadhaa | badiliko, na uwezo wa kupima jeni nyingine yoyote |

Kuna pia Galaxy, jukwaa la bure la kuchakata mifuatano bila kuandika programu. Wapo watakaokushauri uanze nalo. Kwa sekondari naliacha kando: mafaili yake ya kawaida ni mamia ya megabaiti, na menyu zake zinadhani tayari unajua unachokitafuta.

Kwa shule isiyo na kompyuta, karatasi inajaza muhula mzima bila kuishiwa, hasa ukiongeza mti wa ukoo na vimeng'enya vya kukata. Yenye laptopu moja na projekta ifanye karatasi vipindi viwili, kisha BLAST na 2HBS, mwalimu akiendesha na wanafunzi wakimwambia abonyeze wapi. Shule yenye chumba cha kompyuta kisicho na intaneti ndiyo hasa inayoweza kwenda Python mapema, ikitanguliza karatasi. Na yenye kila kitu isiruke hatua kwa sababu tu inaweza. Ipitie karatasi, BLAST, ndipo Python, na gemu ziwe za Jumamosi.

Wapo pia wasiokuwa na klabu kabisa: waliomaliza kidato cha nne Novemba na wanaosubiri kidato cha tano hadi Julai. Hawa sasa simu wanayo, na mwalimu hawana. Kwao mpangilio hugeuka. Pydroid 3 huendesha Python kwenye Android bila intaneti, na mazoezi matano ya mwanzo ya Rosalind, lile la sungura likiachwa, yanawezekana kwenye skrini ndogo. BLAST kwenye simu ni mateso, ibaki ya siku utakayopata kompyuta. Anayechagua kombi katika miezi hiyo ajue kwamba huku kwetu masomo ya fani hii yenyewe mara nyingi hukutwa ngazi ya uzamili, kama yale ya Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na wanaoyafikia hutoka baiolojia, hutoka kompyuta, hutoka takwimu. Kwa hiyo PCB haimfungii mtu, wala PCM (fizikia, kemia na hisabati). Ila mwenye PCB asiichukulie ile BAM, hisabati ya ziada, kama somo la kupitisha muda.